Mwalimu wa Kijiji

Ukitoka Nairobi kwa njia ya Magadi, ukiisha kupita Kiserian na kuteremka upande wa pili wa vilima vya Ngong, utaona hali ya nchi ikibadilika. Baridi huachwa nyuma, udongo huwa mkavu, na mashamba ya mahindi hutoweka. Hubaki migunga, mawe, na njia nyembamba zilizokanyagwa na mbuzi. Huko ndiko iliko Oltepesi, katika nchi ya Kajiado. Jina lenyewe ni la Kimasai, nalo ni jina la mti: mgunga ule wenye kichwa kilichotandaa kama mwavuli, ambao huwapa mbuzi maganda yake wakati wa kiangazi, na huwapa wazee kivuli cha kufanyia mashauri.

Jirani ya Oltepesi ni Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940, wakakuta mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka mmoja niliwapeleka huko wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu. Tulisimama mbele ya mashoka yale, nikawaambia kuwa hakuna mtu aliyezaliwa akijua kuchonga jiwe. Bila shaka kila aliyejua alitazama mkono wa mwingine. Basi kazi ya ualimu ni kazi ya kale kupita kazi zote za vitabu. Walinisikiliza kwa adabu. Tulipokuwa tukirudi, tukaipita shule iliyokuwa peke yake katikati ya migunga, kijana mmoja akaniuliza: “Mwalimu, nikipangiwa shule ya mahali kama hapa, kengele ya jioni ikiisha kulia, nitafanya nini mpaka kesho?” Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana niliona ya kuwa ameuliza jambo kubwa kuliko alivyodhani. Siku ile sikumjibu. Insha hii ndiyo jawabu langu kwake, na kwenu ninyi msomao, ambao baadhi yenu mtakuwa walimu.

Kwanza yafaa tujue kwa nini kusoma na kuandika lilikuwa jambo la kufa na kupona kwa watu wa nchi hii. Mwaka 1904 wakuu wa Wamasai waliwekeana mkataba na Serikali ya Kiingereza. Kwa mkataba huo Wamasai waliyaacha malisho yao ya Bonde la Ufa, wakapewa sehemu mbili za kukaa, moja Laikipia upande wa kaskazini, na moja upande wa kusini wa reli. Waliahidiwa kwamba ahadi hiyo itadumu muda wote Wamasai watakapokuwapo duniani. Haikudumu hata miaka 10. Mwaka 1911 uliletwa mkataba mwingine, na wale wa Laikipia wakaamriwa kuhama kwenda kusini pamoja na mifugo yao. Wamasai walikwenda mahakamani kudai haki. Mwaka 1913 mahakama ikaitupa kesi yao, ikisema kwamba mikataba ile ni mambo baina ya dola na dola, na kwamba mahakama haina uwezo wa kuyaamua.

Zingatia, msomaji, jinsi mambo yalivyokuwa. Wazee wale hawakuwa wajinga. Walijua kuhesabu ng'ombe kwa macho, walijua majira, maji, magonjwa na sheria za ukoo. Lakini karatasi ile iliandikwa kwa lugha wasiyoijua na kwa herufi wasizozisoma, nao wakaitia alama tu. Aliyeiandika alijua kilichomo; aliyeitia alama alitegemea kuambiwa. Maneno ya karatasi ndiyo yaliyohamisha watu, wala si mikuki.

Mtu angedhani kwamba baada ya hayo Wamasai wote wangekimbilia shule. Haikuwa hivyo, nao walikuwa na sababu zao. Katika miaka ya 1920 Serikali ilifungua shule za Wamasai huko Narok na Kajiado, lakini wazazi wengi waliwaficha watoto wao. Mtoto aliyekwenda shule alikuwa mchungaji aliyepotea bomani. Alikaa bweni miezi mingi, akarudi hajui jina la kila ng'ombe, hajui dalili za mvua, na pengine akiona haya kukaa na baba yake. Ndiyo maana wazee wengi husimulia kwamba mzazi alipolazimishwa kutoa mtoto mmoja, mara nyingi alimtoa yule asiyempenda sana. Shule ya namna hiyo ilikuwa kama mkono unaochukua, usio na kitu unachorudisha.

Hata hivyo walikuwako waliotafuta elimu kwa hiari yao. Molonket ole Sempele, mmoja wa Wamasai wa kwanza kusoma, aliuza ng'ombe wake apate nauli, na mwaka 1909 akasafiri hadi Marekani. Alisoma katika shule ya Waamerika weusi katika jimbo la Virginia, kisha akarudi kwao kufundisha. Kwa Mmasai wa siku zile, kuuza ng'ombe ili kununua maarifa kulikuwa ni kubadili mali iliyo hai kwa mali isiyoonekana. Tuyashike maneno haya mawili, Virginia na ng'ombe, kwa maana habari yetu inarudi huko.

Katika jimbo hilo hilo la Virginia aliishi mwalimu wa kike aliyeitwa Virginia Estelle Randolph. Alizaliwa mjini Richmond miaka michache baada ya vita vilivyokomesha utumwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Alianza kufundisha akiwa msichana wa miaka 16 hivi, na mwaka 1892 akapewa shule ya chumba kimoja kijijini, katika wilaya ya Henrico. Nyumba yenyewe ilikuwa chakavu, na uwanja wake ulikuwa wa matope. Serikali ya jimbo iliwatenga watoto weusi na weupe, na fedha nyingi zilikwenda kwa weupe.

Mwalimu Randolph hakungoja fedha. Alinunua kokoto kwa mshahara wake akazimwaga njiani, akapaka chokaa kuta, akapanda maua na miti. Kisha akawafundisha watoto kusoma na kuhesabu, na pamoja na hayo kushona, kupika, kusuka vikapu na kulima bustani. Jambo hili liliwaudhi wazazi. Walisema: sisi hatukuwaleta watoto wetu shuleni kufanya kazi za mikono, kazi hizo tulizifanya utumwani bila malipo, tumewaleta wasome vitabu. Wakaandika barua ya kutaka aondolewe.

Yeye hakujibu kwa hasira, wala hakuondoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akakaa na akina mama, akawauguza wagonjwa, akahudhuria ibada zao, na watoto waliokaa mbali na shule akawapokea nyumbani kwake. Baada ya muda wale walioandika barua wakawa ndio wanaomletea mbao na misumari.

Mwaka 1907 mama mmoja tajiri wa Philadelphia, aitwaye Anna Jeanes, alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule ndogo za Waamerika weusi vijijini. Mkuu wa elimu wa Henrico, Jackson Davis, alikuwa ameiona kazi ya Mwalimu Randolph, akaomba fedha hizo zimlipe mwalimu huyo azunguke katika shule nyingine na kuwaonyesha walimu wenzake aliyoyafanya kwake. Hivyo mwaka 1908 Virginia Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa mfuko wa Jeanes, akizitembelea shule zaidi ya 20 za wilaya yake. Mwaka huo huo yeye na wanafunzi wake walipanda miti 12 shuleni pao, wakaipa majina ya mitume 12. Taarifa yake ya mwaka wa kwanza ilichapwa na kupelekwa sehemu nyingine za kusini mwa Marekani, na walimu kama yeye wakawa wengi.

Sasa tutazame jinsi mbegu hiyo ilivyovuka bahari. Mwaka 1924 tume ya elimu iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo, ambaye alikuwa amefundisha Marekani miaka mingi. Waafrika wengi waliomwona walistaajabu, kwa sababu hawakuwa wamepata kumwona Mwafrika akikaa meza moja na wakuu wa Serikali na kusikilizwa. Tume ilisifu mfano wa walimu wa Jeanes, na mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa fedha za Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall wa Scotland, aliyekuwa katibu wa tume ile.

Shule ya Kabete ilikuwa na utaratibu mpya. Mwalimu hakuja peke yake, bali alikuja na mkewe na watoto wao, wakakaa katika nyumba ndogo zilizopangwa kama kijiji. Mume alijifunza kukagua na kusaidia shule za vijijini, kuchimba vyoo, kuhifadhi udongo, kupanda miti na kutunza kuku. Mke alijifunza malezi ya watoto, usafi wa nyumba, ushoni na chakula bora. Walipomaliza walirudishwa kwao, kila mmoja akapewa shule kadhaa za kutembelea. Mfano huo wa Kabete ulifuatwa katika nchi nyingine za Afrika, mojawapo Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Hapa ningeweza kuikomesha habari hii, nikasema: tazameni jambo jema lililotoka mbali likatufaa. Lakini historia si hadithi ya sifa tupu, na mwanafunzi wa historia yampasa kuuliza swali la pili. Je, elimu hiyo ilikusudiwa kumwinua Mwafrika, au kumtuliza?

Wako waliosema ilikuwa ya kumtuliza. Walowezi wengi wa Kenya walipenda Mwafrika afundishwe jembe na nyundo, asifundishwe sheria wala siasa. Kwa macho ya Waafrika wengi, elimu ya vijijini ilifanana mno na mlango uliofungwa. Hata Wakikuyu, walipoachana na misheni kuanzia mwaka 1929 na kujenga shule zao wenyewe, mojawapo ya madai yao lilikuwa watoto wafundishwe Kiingereza na masomo ya vitabu, kwa sababu waliona kuwa hiyo ndiyo silaha ya kudaia ardhi. Walisema yale yale waliyoyasema wazazi wa Henrico.

Nami nasema walikuwa na haki. Watu walioahidiwa kwa karatasi na kunyang'anywa kwa karatasi hawawezi kuambiwa kwamba karatasi si kazi yao. Lakini tusimwache mwalimu wa kijiji upande wa wakosaji kwa haraka. Kosa lilikuwa kwa wale waliotaka jembe liwe mwisho wa safari ya Mwafrika. Mwalimu Randolph hakufanya hivyo. Yeye alilifanya jembe liwe mlango wa kuingilia nyumbani mwa watu, na alipokwisha kuingia, aliwaletea vitabu. Shule iliyobeba jina lake, iliyoanzishwa mwaka 1915, ilikua ikawa shule ya sekondari. Mwaka 1929 ilipoungua moto, haikuachwa majivu, bali ilijengwa upya kwa matofali.

Kabete nayo iligeuka na nyakati. Baada ya Vita Kuu vya Pili ilifundisha watumishi wa namna nyingi, miongoni mwao wakaguzi wa afya, na Tom Mboya alikuwa mmoja wa vijana waliosomea kazi hiyo huko. Mwaka 1961, Uhuru ulipokaribia, mahali pale pakafanywa chuo cha kuwafundisha Waafrika utawala. Basi uwanja ulioanza kwa mafunzo ya vyoo na kuku ukaishia kutoa maofisa wa dola huru. Huo si mlango uliofungwa.

Turudi sasa Kajiado. Katika miaka ya 1960 na 1961 ukame mkubwa uliua ng'ombe wengi kupita kiasi katika Umasai, na mwishoni mwa 1961 mvua ikanyesha kwa nguvu, mafuriko yakaja juu ya njaa. Tajiri wa jana aliamka maskini. Mwaka 1968 Bunge likatunga sheria ya ardhi ya vikundi, ambayo kwayo malisho ya Kajiado yaliandikishwa kuwa mali ya vikundi vya wafugaji, kila kikundi na daftari lake la majina na wakilishi wake. Baadaye vikundi vingi viligawa ardhi kwa mtu mmoja mmoja, na penye soko la karibu, kama Kitengela, viwanja vikauzwa na nyua zikajengwa mahali palipokuwa njia ya ng'ombe na wanyama wa porini. Mara nyingine tena hatima ya watu ikawa karatasini: jina gani limo daftarini, mpaka umepita wapi, nani ametia saini.

Katika siku kama hizo, mwalimu wa shule ya mbali alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mtu pekee kwa mwendo wa saa nyingi awezaye kusoma barua ya Serikali na kuieleza kwa lugha ya wazee. Aliandika majibu yao bila kudai malipo. Aliwekwa mwandishi wa kamati ya maji, karani wa harambee ya kujenga darasa, msomaji wa maandishi yaliyo juu ya chupa ya dawa ya mifugo. Mzee aliyemwona akifanya hivyo aliona kwa macho yake faida ya kusoma, na mwaka uliofuata alileta mtoto, safari hii si yule asiyempenda. Mkono uliokuwa ukichukua sasa ulikuwa ukirudisha.

Na kwa wasichana ilikuwa zaidi. Mwaka 1959 ilifunguliwa mjini Kajiado shule ya bweni ya wasichana ya kanisa la Africa Inland. Katika miaka ya 1990 shule hiyo ilijulikana mbali, kwa sababu mwalimu mkuu wake, Priscilla Nangurai, ambaye mwenyewe ni Mmasai, aliwapokea wasichana waliokimbia kuozwa kabla ya kukomaa. Kazi hiyo haimo katika ratiba ya masomo. Kumpokea msichana aliyekimbia ni kugombana na baba yake na waliokwisha kutoa mahari, na mwalimu yule alilazimika kuzungumza na wazee hao hao, ili msichana apate kusoma na siku moja apatane na kwao. Hakuna kengele inayomaliza kazi ya namna hiyo.

Mwaka 2003 Serikali ilifuta karo za shule za msingi, na watoto wakafurika madarasani kote Kenya. Lakini kufuta karo hakukufupisha njia. Katika nchi kavu mtoto bado hutembea mbali, na mvua ikikosa familia huhama na mifugo, na kiti chake darasani hubaki kitupu. Sheria hufungua shule. Aendaye kumtafuta mtoto bomani ni mwalimu.

Virginia Randolph aliacha kazi mwaka 1949, baada ya miaka 57 katika wilaya moja. Alifariki mwaka 1958, mzee wa zaidi ya miaka 80, na mabaki yake yamelazwa penye uwanja wa shule aliyoitumikia. Sidhani kwamba aliwahi kuisikia Oltepesi. Lakini mfano wake ulifika Kabete, na kutoka Kabete ukaenea katika nchi yetu; na hata pale ambapo haukufika, walimu wengi wasioandikwa katika kitabu chochote waliuona wenyewe ukweli ule ule: ya kwamba shule haiwezi kusimama mahali ambapo kijiji kimelala chini.

Basi nakujibu, kijana uliyeniuliza njiani. Kengele ya jioni ikiisha kulia, toka nje. Mtafute mzazi ambaye mtoto wake hakuja leo, ukaketi naye chini ya mgunga, umsikilize kabla ya kumfundisha. Akiwa na barua, isome polepole, uisome yote, usimfiche hata neno moja. Akikupinga, usiandike kuomba uhamisho. Hata Mwalimu Randolph alipingwa. Ukiweza, panda mti, ingawa huko hukua polepole na hutakuwapo uone kivuli chake. Kwani wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Na mwalimu wa kijiji hatakiwi kukijaza kibaba kwa siku moja, bali atakiwa asiondoke kabla hakijajaa.